Pumzi za Chupa ya Mwisho

Pale maabara walimwita Mizani, kwa sababu hata sukari ya chai aliipima. Dada yake, mkemia, alikuwa kinyume chake kabisa. Kabla ya kufunga chupa ya unga wake lazima apulize mdomoni mwa chupa, eti anafukuza vumbi.

"Dada, unanitilia pumzi kwenye kazi!" Mizani alikuwa akifoka.

"Ikikusumbua, ipime," dada alimjibu akicheka.

Unga wenyewe haukuwa wa mchezo. Kila punje ilijaa vyumba visivyoonekana kwa jicho, na ndani ya vyumba hivyo dada alikuwa amefungia chembe za metali za kugeuza moshi wa sumu kuwa hewa isiyodhuru. Ila metali hiyo hufanya kazi kwa uso wake tu. Uso ukishagandwa na mvuke au gesi nyingine, kwisha habari. Na vile vyumba hushika kila kinachopita.

Dada alifariki miezi mitatu iliyopita. Asubuhi ile Mizani alikuwa ametoka wodini alikolazwa dada kidogo tu, kuja maabara kupima sampuli. Aliporudi, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Hakujisamehe.

Sasa ilibaki chupa moja ya unga wake.

"Isipofanya kazi leo, jina la marehemu nalitoa kwenye ripoti," alisema mkuu wa maabara, mtu asiye na haya hata chembe. "Ipashe moto, isafike, tujue moja."

Saa nne asubuhi Mizani alitia unga kwenye tanuri, akawasha pampu ya kunyonya hewa, akaketi mbele ya skrini. Mstari wa gesi inayotoka kwenye unga ulitakiwa upande mara moja, ushuke, basi. Ukapanda, ukashuka. Kisha ukapanda tena.

Akakagua nyaya, akabadilisha geji, wapi! Mstari uliendelea kupanda na kushuka, na kila mara ya nne ulikwama kidogo kabla ya kushuka. Wiki mbili nzima alikaa wodini akihesabu pumzi za dada zinazokwama namna hiyo hiyo. Na chupa hii dada aliifunga akiwa mzima, kabla hata ya kikohozi cha kwanza.

Mkono ukaenda kwenye swichi. Akizima, pumzi zilizobaki zitakaa humo humo, naye atakuwa na dada yake kabatini maisha yote. Lakini metali itabaki chafu, na jina litafutwa.

"Dada," alinong'ona, "nipo. Leo sitoki."

Akaondoa mkono. Pumzi zikaanza kuachana: moja, kimya kirefu, nyingine. Mkuu alimwita mara mbili kutoka mlangoni, asigeuke. Saa tano na dakika kumi na saba mstari ulipanda kidogo sana, ukashuka, ukalala.

Alasiri unga ulifanya kazi kuliko wowote uliowahi kupimwa pale, na mkuu akapiga makofi utadhani ni wake. Jina la dada lilibaki, tena la kwanza. Mizani alifungua daftari, na mahali pa matokeo akaandika saa ile tu, kama wauguzi wanavyoandika mgonjwa akikata roho.