Mfanyakazi Bora wa Tawi la Jimma

"Tangazo Kuu. Kwa wafanyakazi wote, wenye vyeo na wanaovisubiri. Uongozi, baada ya tafakuri ndefu na ziara ya mafunzo ng'ambo, unatangaza kuanza kwa Enzi Mpya ya Mahusiano Kazini. Kuanzia leo kila mfanyakazi atafahamiana na wenzake kwa njia ya kompyuta, kupitia Ukurasa wa Wafanyakazi. Atakayepata marafiki wengi na pongezi nyingi ndiye atakayefikiriwa kwanza cheo kinapopatikana. Mazungumzo yasiyo na tija yakome."

Waraka huo ulibandikwa saa tatu asubuhi, ghorofa ya pili, juu kidogo ya jiko la kahawa. Kufikia saa nne Etiye Dinknesh, mpika kahawa wa kampuni, alikuwa ameubandua, ameukunja mara nne, na anaupepelea mkaa.

"Karatasi nzito hii," alisema kwa heshima zote. "Miaka kumi na minane niko hapa, Uongozi haujawahi kutupa kitu cha maana namna hii."

Hiyo ilikuwa Addis Ababa ya miaka ile ambayo kompyuta za ofisini bado zilivishwa vitambaa vya kufumwa zisiingie vumbi, kama maharusi. Gezahegn alikuwa na miaka kumi na tisa, ametoka shule ya bweni juzi tu, na kampuni ile ya bima ilikuwa kazi yake ya kwanza. Hakuona tofauti kubwa. Meneja, Ato Mekuria, alikuwa mwalimu wa zamu aliyevaa tai. Wakuu wa idara walikuwa viranja. Kengele tu ndiyo ilikosekana, na badala yake palikuwa na harufu ya kahawa ikikaangwa, ambayo iliwatoa watu vitini upesi kuliko kengele yoyote.

Kwenye nyasi mbichi alizozitandaza Etiye, huku bisi zikipita kwa ungo, ndiko kampuni ilikoendeshwa. Kikombe cha kwanza watu walinywa kwa vyeo vyao. Cha pili walinywa kwa majina yao. Cha tatu, kile cha baraka, mhasibu na dereva walikuwa wamekwisha kuulizana habari za wagonjwa wao, na barua iliyokwama wiki mbili ikapata saini kabla ubao wa vikombe haujaondolewa.

Gezahegn alipangiwa masijala, chini ya mzee Zerihun, aliyeitwa Gashe kwa heshima kama Dinknesh alivyoitwa Etiye, naibu mkuu wa masijala kwa miaka ishirini na sita. Mkuu alikuwa amestaafu na kiti chake cha kando ya dirisha kilikuwa kitupu. Gashe Zerihun naye alibakiza mwaka mmoja. Alikitaka kile kiti, na sababu yake alimwambia Gezahegn siku moja wakipangusa majalada.

"Mama yangu kule Gojjam amekuwa akiwaambia majirani kwamba mimi ni mkuu tangu nilipoajiriwa. Sasa ana miaka themanini na nane. Sitaki afe mwongo."

"Si ungemwambia ukweli, Gashe?"

"Wewe mtoto, una mama wewe?"

Basi Enzi Mpya ikaanza na Gashe Zerihun akaanza nayo vibaya. Gezahegn alimwandikisha kwenye Ukurasa, akamwekea picha aliyopigwa kwenye ubatizo wa mpwa wake. Baada ya wiki tatu alikuwa na rafiki mmoja, naye ni Gezahegn, na pongezi sifuri. Wakati huo Tadele wa Usafirishaji, ambaye aliingia kazini saa nne na kutoka saa nane, alikuwa na pongezi arobaini kwa kuandika "Asubuhi njema, mashujaa!" saa nne na nusu, kabla hajavua koti.

Hapo ndipo alipozaliwa Woldeyes Habtegiorgis, karani wa tawi la Jimma. Nia ilikuwa njema. Hilo na liingie kwenye jalada. Kompyuta iliuliza jina na tawi tu, na simu ya Jimma siku hizo ilisikika kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kuulizia. Gezahegn alikaa kwenye kompyuta ya masijala saa ya chakula akaandika: "Nampongeza Gashe Zerihun, aliyenitafutia kwa dakika nne jalada lililopotea miaka tisa." Kesho yake akaandika pongezi nyingine, na keshokutwa nyingine.

Lakini mtu anayempongeza mtu mmoja tu hutiliwa shaka. Basi Woldeyes akawapongeza pia madereva kwa uvumilivu, wahasibu kwa ukarimu, na walinzi kwa salamu zao. Hakuna aliyewahi kuwapongeza walinzi. Katika mwezi mmoja alikuwa na marafiki mia mbili na kumi, na kampuni ilikuwa na wafanyakazi mia mbili na kumi na wanne.

Jambo la kushangaza ni jinsi watu walivyomfahamu.

"Woldeyes? Nimesoma naye huyo!" alisema Tadele kwenye kikombe cha pili. "Alikuwa mwembamba hivi, mtu wa kanisa."

"Mwembamba wapi? Ana kitambi," alipinga mhasibu.

Ato Mekuria mwenyewe, akipita kwenye korido, alisimama na kutikisa kichwa. "Nilipokwenda Jimma, kijana yule alinisindikiza mpaka mlangoni mwa gari. Adabu ya ajabu!"

Gezahegn alicheka ndani kwa ndani, kama alivyocheka bwenini siku alipomwandikisha paka wa jikoni kwenye orodha ya chakula na akapewa sahani wiki mbili. Hakuona hatari mpaka Mwaka Mpya ulipopita.

Watu walirudi kutoka likizo wakinuka moshi wa nyama, na maua ya njano ya sikukuu bado yamechomekwa kwenye droo. Ilikuwa kikombe cha tatu. Ato Mekuria akatokea kwenye jiko la kahawa, mara ya kwanza tangu ateuliwe, akakosa kigoda, akabaki amesimama juu ya nyasi kama mti uliopandwa jana.

"Nimekuja mwenyewe," alisema, "kwa sababu nimeambiwa kwamba nyaraka zangu hapa hazidumu."

Etiye Dinknesh alitazama dari.

"Tumempata mkuu mpya wa masijala. Ukurasa umesema. Ni Woldeyes Habtegiorgis, wa Jimma!"

Watu wakapiga makofi. Gezahegn alirudisha bisi zake kwenye ungo. Gashe Zerihun hakupiga makofi wala hakununa. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, maana Uongozi ulikuwa umeagiza kila kilichoandikwa kwenye Ukurasa kichapwe, kigongwe muhuri, kisha kihifadhiwe masijala.

"Ato Mekuria, kabla hujampa kiti, kuna dosari ndogo ya tarehe," alisema. "Kijana ameandika hivi: 'Tarehe tano na sita Pagume, wenzangu walipokwenda kununua kondoo wa sikukuu, mimi nilibaki ofisini nikipanga majalada.'"

"Ndiyo. Niliisoma. Ilinigusa sana."

"Pagume, mwezi ule wa kufungia mwaka, safari hii ulikuwa na siku tano. Ya sita huja mwaka mmoja kati ya minne, na huu uliokwisha haukuwa wake. Huyu amefanya kazi siku ambayo Mungu hakuiumba."

Mkaa ulilia tii.

"Labda ni bidii tu," alisema Ato Mekuria, kwa sauti ndogo.

"Bidii gani ya kuzua siku?" Etiye Dinknesh aliweka birika chini. "Kila mtu wa tawini akija Addis hupita hapa. Nawajua wote kwa vijiko vyao vya sukari. Huyo sijamkorogea hata siku moja. Tadele, si ulisoma naye wewe? Anatia vijiko vingapi?"

"Huenda alikuwa mkondo mwingine, Etiye."

Watu wakaanza kucheka, wakajizuia, wakashindwa. Meneja akajipangusa uso na kumgeukia karani wake. "Kwa watu wa masijala, anayemfuata kwenye orodha ni nani?"

"Gashe Zerihun, bwana. Lakini pongezi zake zote... zimetoka kwa Woldeyes."

"Basi zote zimekufa," alisema Ato Mekuria.

Gashe Zerihun alikunja karatasi yake taratibu, kwa mikunjo ileile. Gezahegn alimwona akitazama upande wa dirisha, kule kilikokuwa kile kiti, na kwa mara ya kwanza tangu atoke bwenini mchezo wake haukumchekesha.

"Za kwangu ni hai," alisema Etiye Dinknesh. "Andika. Mume wangu alipofariki, huyu ndiye aliyetafuta karatasi zake mpaka usiku, nikapata haki yangu. Andika kwa mkono, kompyuta yenu sijui kuibonyeza."

"Niandikeni na mimi," alisema mlinzi. Akafuata mhasibu. Wakafuata madereva wawili, na hata Tadele, aliyekiri kwamba Gashe Zerihun alikuwa amemfichia barua mbili za onyo. Ato Mekuria alichuchumaa, mwishowe akakaa kabisa kwenye nyasi, akaandika yote nyuma ya tangazo lake jingine. Alipofika kumi na saba alifunika kalamu.

"Inatosha. Gashe Zerihun, kesho hamia dirishani."

Vigelegele vya Etiye vilisikika mpaka ghorofa ya nne. Gashe Zerihun alifuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi, akaomba ruhusa akapige simu Gojjam.

"Ngoja, Gashe," alisema Ato Mekuria, naye hakuwa akitabasamu. "Kwanza nataka kumjua huyu aliyenisindikiza mpaka kwenye gari. Woldeyes ni nani?"

Macho yalianza kusafiri, moja baada ya jingine, yakatua kwa kijana wa masijala ambaye masikio yake yalikuwa yamewiva kama pilipili ya berbere. Gashe Zerihun alikuwa wa mwisho kumtazama, na alimtazama kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Sema, mwanangu," alisema. "Tarehe ulikosea. Hapa usikosee."

Gezahegn akasimama, mikono nyuma, kama mbele ya mwalimu mkuu.

"Ni mimi," alisema. "Woldeyes ni mimi. Na mkewe aliyejifungua mwezi uliopita, yule mliyemchangia nguo za watoto, naye ni mimi. Mapacha ni mimi. Nguo ziko chini ya meza yangu, Etiye, zote, hata ile kofia uliyoifuma. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia kwamba hawajambo wote, na kwamba kofia ni nzuri sana."