Siku Yudelkis Alipoleta Majibu

Mimi silewi. Nasema mapema kwa sababu nimechoka kuulizwa. Hapa mkoani kwetu Holguín watu wanajua, ugonjwa huu wa kuyumba umejaa katika familia zetu, lakini ukisogea mikoa ya mbali kidogo wanaanza kukunusa mdomo.

Daktari alinieleza kwamba nyuma ya kichwa, juu kidogo ya shingo, kuna ubongo mdogo. Huo ndio unaopima mwendo, mguu ukanyage wapi, mkono ukome wapi. Wangu unanyauka. Kikombe nakikosa, mlango naugonga. Hayo nimeyazoea. Kilichoniuma ni alichoongeza, kwamba ubongo huohuo hupima na hisia, zitoke kiasi gani na wakati gani. Kwenye mazishi ya mama nilicheka mpaka wakanitoa nje. Nilikuwa na uchungu usiosemeka, na nilicheka.

Kwa hiyo Yudelkis, binti yangu wa pekee, alipoamua kupima damu kuona kama ameurithi ugonjwa huu, nilianza mazoezi. Wiki tatu, kila asubuhi mbele ya kioo: midomo chini, vuta pumzi, sema "pole, mwanangu." Dada yangu Odalis, ninayeishi naye, alinifuma.

"Kaka, unamtongoza nani humo?"

"Ko... ma," nilimjibu. Siku hizi hata ulimi unayumba.

"Na akija na habari njema je? Utamlilia?"

"Hiyo ni-ta-cheka. Kucheka... najua."

Yudelkis alikuja Alhamisi mchana, Odalis akichambua mchele. Akakaa mbele yangu, akaweka mezani bahasha iliyokwisha kufunguliwa.

"Ninao, baba."

Odalis aliacha mchele. Nilishusha midomo. Nikavuta pumzi. Neno lilikuwa tayari, naapa, na moyo ulikuwa umepasuka, maana ni mimi niliyempa. Kikatoka kicheko. Kikubwa, cha tumboni, kama cha mtu aliyeletewa habari za harusi.

"We kaka, nyamaza!" Odalis alifoka. "Jamani, nyamaza!"

"Mwache, shangazi. Si yeye. Najua si yeye."

Machozi yalinitoka, lakini anayecheka sana naye hutoka machozi, nani angeyatofautisha? Yudelkis alinipangusa mate kidevuni kwa kiganja chake. Hakunikasirikia, na ningefurahi kama angenikasirikia. Alinitazama muda mrefu, mdomo, shingo, mikono inayorukaruka, kama mtu anayekagua nyumba atakayohamia.

"Baba," aliniuliza taratibu, "na mimi nikizaa, mwanangu akiniletea habari kama hii, nitamcheka hivi?"

Nilitaka kumwambia hapana. Nilitaka kumwambia chochote kile. Kicheko kikazidi, naye akakaa palepale akisubiri nimalize.