Frankline Auliza Kama Tumeshinda

Saa nne asubuhi Phelesia alikuwa akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juu ya neti, ufuoni Homa Bay, mwanawe Frankline aliyezikwa mwaka jana alipokuja kuketi kando yake na kufukuza kunguru. Alivaa fulana ya chama cha Kasia waliyomzika nayo, yenye tundu la risasi kifuani.

"Omera, toa mguu kwa omena yangu," alisema jirani yao Lynnet, na Frankline akasogea.

Kosa lilifanyika matangani. Mheshimiwa, mkubwa wa Kasia, aliteka mazishi, akahutubu mpaka jua likatua, waombolezaji wakatoka wakipiga makasia hewani. Kunyoa wafiwa kukasogezwa wiki iliyofuata, nayo ikawa ya maandamano, wasinyolewe kabisa. Ni kule kunyolewa kunakomjulisha marehemu kwamba yamekwisha. Frankline hakujulishwa.

"Mama, tumeshinda?"

"Bado wanahesabu, nyathina."

Kura zilishahesabiwa zamani. Kasia walishindwa na chama cha Kengele, vijana wakajaa barabarani, polisi wakafyatua. Kisha mkubwa wa Kasia na mkubwa wa Kengele wakapeana mikono na kugawana wizara. Phelesia alimficha mwanawe hayo yote. Aliogopa kwamba akijua alikufa bure, uchungu ungemuua mara ya pili, na hiyo ya kwanza yeye mwenyewe hajamaliza kuilia.

Njia ya mwongo ni fupi. Alhamisi wakubwa wote wawili walikuja kufungua soko la samaki, wakipunga mikono kutoka gari moja.

"Si hawa Kengele ndio walituua?" aliuliza Frankline.

"Walisalimiana, nyathina. Siku hizi wanakula pamoja. Hakuna mtu ameshtakiwa."

Phelesia akangoja mwanawe apige mayowe. Alitamani ayapige, walie pamoja, wamkasirikie mtu hata mmoja. Frankline alijikuna pale penye tundu, akafikiri.

"Mkubwa wetu amesema ni sawa?"

"Amesema."

"Basi ni sawa. Mkubwa hawezi tukosea."

Akaenda jukwaani. Askari aliyempiga risasi, sasa mlinzi wa mkubwa, alimtambua, akamwinulia kamba apite. Frankline akampa mkono, akasimama mbele kabisa, akapiga makasia hewani mpaka damu ikaanza kumtoka upya. Mheshimiwa alimwona, akamtaja kwa jina kwenye kipaza sauti: wanachama wa kweli ni kama huyu. Umati ukashangilia. Phelesia akainama kuokota omena zilizoanguka mchangani.

Frankline alirudi na kofia mbili, moja ya Kasia na moja ya Kengele. Ya Kengele akampa mama yake ajikinge na jua.

"Uchaguzi unaokuja ni lini?"

Phelesia akamwambia mwaka.

"Na jina yangu iko bado kwa rejista ya kura?"

"Iko," alisema Phelesia, na hapo hakuwa na haja ya kumdanganya.