Nani Atawapekua Wanawake

Bonge la damu lilimtoka Ebla mikono yake ikiwa kiunoni mwa mwanamke mwingine. Alibana mapaja, akaganda. Lilikuwa kubwa kuliko la jana, na la moto. Mwanamke aliyekuwa akipekuliwa alidhani amepatikana na kosa, akaanza kueleza kwamba ule ni mkanda tu wa kufungia tumbo, amejifungua juzi.

"Najua, abaayo, dada yangu. Pita," Ebla alisema, na sauti ikamtoka sawa.

Kibanda chake kilikuwa cha turubai, upande wa kushoto wa lango la hospitali. Wanaume walipita kulia, kwa Shueb, hadharani. Wanawake walipita kwa Ebla, nyuma ya pazia. Katikati, mbele ya macho ya foleni zote mbili, iliwekwa meza ya mbao, na sheria yake ilikuwa moja: chochote kilichofungwa mwilini kifunguliwe, kiwekwe pale kionekane. Garissa ilikwisha kuonja watu wenye bunduki, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Vitambaa vya hedhi tu ndivyo Ebla hakuvipeleka mezani. Alivijua kwa kiganja, akampitisha mwenye navyo bila neno. Jambo hilo hakuwahi kumwambia msimamizi wake, Mutuku. Angeanzia wapi?

Kiti alipewa, cha plastiki, cheupe. Hakukikalia kwa sababu kilikuwa cheupe.

Damu ilianza kabla ya Ramadhani, ikapita Ramadhani yote, ikaila Idi, na sasa watu walikwisha kuisahau hata Idi yenyewe. Mwanzo alidhani ni siku zake zimechelewa kuondoka. Yakaja mabonge. Kikaja kizunguzungu, na moyo kumwenda mbio kwa kuinama tu kuvaa viatu. Sasa aliogopa hasa. Aliogopa kuanguka humu ndani ya turubai, afe, na foleni imruke iendelee. Na kichekesho chenyewe, kama kuna wa kucheka, ni kwamba kliniki ya wanawake ilikuwa mumo humo ndani ya ua, mlango wa kijani. Pazia likipepea aliwaona wagonjwa kwenye benchi. Lakini kliniki ilifunguliwa Ebla akiwa ameshaingia zamu, ikafungwa kabla hajatoka. Ofu yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili mlango wa kijani haufunguliwi.

Duka la dawa la mtaani kwao lilikuwa la mume wa Arbia. Na Arbia, dada wa mume wa Ebla, ndiye aliyekuwa wa kuogopwa kuliko damu.

Asubuhi hiyo Ebla alikuwa ameoga akasali alfajiri, kama alivyofundishwa chuoni: damu ikizidi mpaka wake ni ya ugonjwa, haimzuii mtu sala. Kisha akaenda nyuma ya choo kufua vitambaa. Arbia, ambaye waliishi naye ua mmoja, akamkuta na maji mekundu kwenye beseni.

"Nimekuona ukisali," Arbia alisema.

"Nimesali."

"Na hii?"

"Ya ugonjwa, dada. Imekataa kukatika."

Arbia aliyatazama maji, hakumtazama Ebla. "Abdimalik yuko Juba na lori lake, mwaka wa pili huu. Mwanamke ambaye mume hayupo, damu ya namna hii watu wanaijua ni ya nini. Mimi sijasema kitu. Nasema watu."

Ebla alielewa vizuri. Likitamkwa mtaani kwamba ametoa mimba, Abdimalik atamwacha kwa simu, na watoto wake wawili watalala kwa Arbia siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana Mutuku alipopita kukagua lango, Ebla alimwita kando. Kando yenyewe haikuwa mbali. Shueb alikuwa pale pale upande wa pili wa meza, na kila jioni Shueb alitafuna miraa na mume wa Arbia.

"Mkubwa, naomba ruhusa kidogo. Niingie kliniki."

"Unaumwa nini?"

Ebla alimtupia jicho Shueb. "Tumbo."

"Tumbo." Mutuku alikuwa mtu wa Kitui, mnene, mwenye kujifuta jasho kila wakati. "Nyinyi kila mwezi ni tumbo. Tumbo la aina gani?"

"Tumbo tu, mkubwa."

"Basi leta barua ya daktari nikupe siku mbili. Mimi si mbaya."

"Daktari yuko huko ndani. Nikienda kuitafuta barua nitakuwa nimeacha lango."

"Nenda ukitoka zamu."

"Nikitoka wamefunga."

"Jumapili una ofu."

"Jumapili hawafungui."

Mutuku alikunja kitambaa chake cha jasho, akakitia mfukoni. "Mama, nisikilize. Niko na wanaume saba na mwanamke mmoja. Ukiondoka, nani atawapekua wanawake? Mimi? Hawa wenyeji wenu watanichinja. Niwapitishe hivi hivi? Kampuni itanyang'anywa kazi. Kunywa maji ya moto."

Shueb alicheka kidogo kwa adabu, kama mtu anavyocheka mkubwa wake anaposema.

Adhana ya adhuhuri ilipotolewa, lango lilipoa kama siku zote. Shueb alichukua birika akaenda kutawadha. Foleni ya wanawake ilikuwa imekwisha. Ebla aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akatoka kwenye turubai na kuvuka ua. Hakukimbia, kwa kuwa hakuweza. Alihesabu kwamba atarudi kabla imamu hajatoa salamu.

Nesi wa mlango wa kijani aliitwa Wanji. Alimvuta Ebla kope ya chini, akatazama ndani, na uso wake ukabadilika.

"Umetembea mwenyewe kuja hapa?"

"Nafanya kazi langoni."

"Mumeo yuko wapi?"

"Juba."

"Ulitoa mimba? Niambie ukweli nikusaidie." Hakuipunguza sauti. Wanawake wawili wa benchini waligeuza shingo.

"Wallahi sikutoa."

"Haya. Huna damu, mama. Mdomo mweupe, kope nyeupe. Lala pale. Tukupime, tukupige picha ya tumbo, na nadhani utaongezewa damu. Leo usisimame tena, unanisikia?"

Mtu alikuwa amemwamuru asisimame. Ebla alisikia raha mpaka machozi yakamlenga. Alipanda kitandani, akanyoosha miguu, akafumba macho. Alikuwa bado hajazoea mto alipomsikia Mutuku mlangoni.

"Ebla. Kuna mwanamke mwenye uchungu langoni."

"Mpitishe, mkubwa."

"Nani amguse?"

"Mpitishe tu. Anazaa."

"Tuliambiwa hata wajawazito. Hasa wajawazito, walisema, maana tumbo linaficha. Shueb alipomsogelea, ndugu za huyo mwanamke wametoa fimbo." Mutuku aligeuka mara mbili kutazama langoni. Ebla alishangaa kuona kwamba naye anaogopa.

Wanji alisimama kati yao. "Huyu ni mgonjwa wangu."

"Ameandikishwa?"

Kadi ilikuwa bado haijafunguliwa.

"Basi bado ni askari wangu," Mutuku alisema.

Wakati huo kelele ikatoka langoni, ya mwanamke anayemwita mama yake. Ebla aliteremsha miguu. Hakuna aliyemvuta mkono, aliinuka mwenyewe, na neno hilo ndilo Mutuku alilolishika baadaye: aliinuka mwenyewe, nesi ni shahidi.

Mzazi alikuwa ameinamia ile meza, ndugu zake wamemzunguka. Ebla alimwingiza nyuma ya pazia, akampapasa mgongo, ubavu, akafika tumboni. Tumbo lilikaza chini ya viganja vyake, gumu kabisa. Wakashikana mabega, kila mmoja akimzuia mwenzake asianguke.

"Pita, abaayo," Ebla alisema. "Pita haraka."

Nyuma ya yule walikuwapo wengine, maana foleni ilikwisha kujaa. Ebla alipapasa mpaka jua likaelekea mto Tana. Alipochungulia tena, mlango wa kijani ulikuwa na kufuli.

Mutuku alimngoja zamu ilipokwisha. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Ebla zaidi.

"Umeacha lango wakati wa kazi, mama. Nimeripoti, ilibidi niripoti. Nairobi wamesema utoke. Sketi na kofia uache kwa ofisi."

"Nani atawapekua wanawake kesho?"

"Ameshapatikana."

Ameshapatikana. Wiki zote zile hakuna wa kumshikia nafasi hata apumue, na jioni moja ameshapatikana. Ebla alivua sketi ya kampuni chumba cha stoo, akajifunga leso, na akaketi kwa mara ya kwanza siku hiyo, juu ya gunia. Alipoinuka alilipindua gunia ili upande mbaya uwe chini.

Kesho yake hakuwa na zamu ya kumzuia. Alifika mapema, amepanga kitambaa juu ya kitambaa, juu yake kipande cha leso kilichokunjwa, na vyote amevifunga kiunoni kwa kamba visimdondoke njiani. Foleni ilikuwa ndefu. Alijishika ukutani, akasogea wenzake wakisogea. Korongo kwenye paa la hospitali alimtazama. Ebla aliomba jambo moja tu, afike mlango wa kijani kwa miguu yake.

Nyuma ya pazia alimkuta msichana aliyetoka shule juzi juzi, kibandiko cha jina kifuani: Sabirin. Sketi ilikuwa ile ile ya Ebla, imepunguzwa kiunoni kwa pini. Sabirin alipapasa kama alivyoelekezwa, mabega, mbavu, kiuno. Hapo mikono ikasimama.

"Hii ni nini, eddo?" aliuliza, akimwita shangazi kwa Kisomali.

"Damu, mwanangu," Ebla alinong'ona. "Ni vitambaa."

"Imefungwa na kamba."

"Isianguke."

"Ni kubwa sana." Msichana alirudi hatua moja nyuma. Macho yalimtoka. Ebla aliiona hofu ile, akaijua, kwa kuwa naye siku yake ya kwanza alikuwa nayo. "Nimeambiwa chochote kilichofungwa, eddo. Nimeambiwa nikikosea ni mimi."

"Weka mkono tena. Utajua."

Sabirin hakuuweka.

"Sabirin," Shueb aliita kutoka upande wa pili. "Kuna nini huko?"

Msichana alifungua pazia. Foleni zote mbili ziligeuka kutazama, na mbele kabisa ya foleni ya wanaume alikuwa mume wa Arbia, amekuja kuleta dawa kutoka dukani kwake. Mezani kulikuwa na simu mbili, funguo na kisu cha kumenyea maembe. Sabirin alivisukuma kando kwa mkono, akaacha nafasi.

"Weka hapa, eddo," alisema, kwa heshima.