Kidevu cha Marehemu

Kazi yangu ni kuzipamba kurasa za mtandao: rangi, herufi, picha ikae wapi. Kazi ni tamu, tatizo ni vivinjari, yaani zile programu za kufungulia kurasa. Kila kimoja kina kichwa chake. Unachokinyoosha huku, kule kimepinda. Nami nina hasira za karibu, basi vivinjari vikuukuu vinanizeesha kabla ya wakati.

Dada yangu alipojifungua ughaibuni, niliitengenezea familia ukurasa wa picha za mtoto. Kwenye simu yangu alipendeza, kwenye ya dada vilevile. Mama akaufungua kwenye tableti yake, kuukuu kiasi kwamba haipokei tena programu mpya, akanipigia huku akicheka mpaka anakohoa.

"Mume wangu kazaliwa! Kidevu kile kile cha babako!"

Tangu tumzike baba, mama alikuwa hacheki. Akipiga simu ni salamu, halafu kuuliza kama nimekula, basi. Nikaenda mbio kwake kuona. Kumbe kivinjari chake hakikuielewa amri yangu ya kukata kingo za picha, kikaivuta kwa urefu. Mtoto mwenye uso wa duara kageuka mzee mwenye kidevu kirefu.

Dada alipopata habari alikuja juu. "Kaka, mwanangu umemfanya nini? Rekebisha leo leo!"

Nikarekebisha, tena kwa maringo. Kesho yake mama akapiga, sauti iko chini.

"Mbona mmembadilisha mtoto?"

"Hajabadilika, mama, ni ile picha tu..."

"Haya. Umeshakula?"

Swali lile lilinichoma. Nikafungua faili la mitindo, lile linaloamuru ukurasa uonekaneje. Miaka yote nalipwa ili kila mtu aone kitu kile kile, na sasa nikaandika amri ya kivinjari cha mama peke yake: picha ivutwe. Mama akarudi kucheka, nami sikumwambia mtu.

Kisha dada akaja nyumbani na mtoto. Roho yangu ilikuwa juu juu. Mama akampokea, akamfunua uso, akamtazama weee. Kidevu kirefu hakikuwepo hata cha dawa.

"Unadhani sijui?" akanigeukia. "Kwenye tableti yangu mpaka yule nesi aliyembeba pichani ana kidevu cha babako. Naye ni wa ukoo wetu?"

Dada akaangua kicheko. Mimi nikatamani ardhi inimeze.

"Nisamehe, mama. Nitairekebisha."

"Thubutu!" Akamkumbatia mtoto. "Huyu ni wa kupakata. Yule niachie. Nikimkumbuka babako, ndiyo namfungua."

Amri ile bado ipo. Wenzangu kazini wakiniona naitunza hushangaa, maana kivinjari chenyewe hakuna anayekitumia tena. Juu yake nimeandika: usiguse, ni ya mama.