Gauni Ng'ambo ya Korongo

Gauni la bibi harusi lilikuwa limeshapigwa pasi na kutiwa kwenye mfuko. Fundi cherehani alikuwa akitafuta viatu vyake, mara akasikia kelele za maji. Akatoka kibarazani. Pale barabara inaposhuka korongoni, ambapo asubuhi palikuwa vumbi tupu, maji ya rangi ya udongo yalikuwa yakipita mbio, yamebeba matawi na ndoo ya mtu.

"Na hapa halijadondoka hata tone," alisema mdogo wa mumewe, aliyekuja kumchukua kwa pikipiki wapeleke gauni harusini, ng'ambo ya korongo. Nyumbani walimwita Chapuchapu. "Itakuwa imenyesha milimani. Panda, shemeji. Maji ya magotini tu haya."

"Umeyapima?"

"Nayaona."

"Unaona ya juu. Barabara huko chini unaiona? Kama imeshaliwa je?"

"Harusi haingoji, shemeji."

"Na ingoje. Mimi sipandi, na wewe usiende."

Sikio la kufa halisikii dawa. Chapuchapu akawasha pikipiki, eti anakwenda kumwonyesha njia. Hata katikati hakufika. Maji yaliisukuma pikipiki ubavuni, ikalala, naye akabanwa kwenye nguzo fupi ya pembeni mwa barabara, mkono mmoja umekumbatia nguzo, mwingine umeng'ang'ania usukani.

Miguu ya fundi ilitaka kumkimbilia. Akaikatalia. Akarudi ndani, akatoka na jora la kaki la sare za shule. Ncha moja akaifunga kwenye nguzo ya kibaraza, nyingine akaitia kitanzi na chupa tupu ili ielee. Kinyozi wa jirani akaja kushika naye. Walisimama pakavu, wakarusha. Mara ya kwanza maji yakaichukua. Mara ya pili ikamfikia.

"Jivike kwapani! Achia pikipiki!"

"Pikipiki yangu, shemeji!"

"Pikipiki ina spea, wewe huna!"

Akaachia. Pikipiki ikaenda zake, naye wakamvuta taratibu mpaka ukingoni. Alikaa kibarazani akitetemeka, amevalishwa suruali ya mteja iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu.

Simu ikalia. Ni bibi harusi mwenyewe, binti wa dada yake fundi.

"Mama mdogo, uko wapi? Watu wameshajaa!"

"Tuko wazima, na gauni zima. Lakini leo sivuki, mwanangu, na usimtume mtu huku."

Kilio kidogo, kisha kupenga kamasi.

"Basi nitavaa lile la kijani la mama."

"Mama yako mnene!"

"Ndiyo maana nakuuliza, nipunguze wapi?"

Fundi akavuta kigoda, akaketi. "Tafuta pini. Haya, nyanyua mkono. Anzia kwapani, ushuke polepole."

Alimwelekeza hivyo mpaka kiunoni, huku akisikia mashangazi wakibishana na kucheka. Kulipokucha maji yalikuwa yamepungua, na watu waliona nusu ya barabara imemegwa, imebaki shimo la kumeza gari. Chapuchapu alilitazama kwa mbali.

"Tulipeleke gauni kwa kuzungukia lile daraja la mbali, huko juu ya korongo," alisema. "Kwa miguu, hata ikituchukua siku nzima."