Postikodi ya Jirani

Kufikia saa tatu asubuhi bomba la moshi la jirani yangu Malachy Tiernan lilikuwa halijatoa kitu, nami nilikuwa nimeshakwenda dirishani mara sita. Nilijiambia naangalia mvua. Mvua ya Mayo, huku magharibi mwa Ireland, haina haja ya kuangaliwa, ipo tu.

Miaka tisa tulikuwa hatusemeshani. Alidai nilimpelekea barua nikaacha geti lake wazi, mtamba wake akatoka barabarani akagongwa na lori la maziwa. Mimi nilipeleka barua parokia hii miaka thelathini na moja, na geti lile nililifunga. Yeye akasema mbele ya watu wote wanaotoka misani kwamba sikulifunga. Tangu hapo, tukikutana njiani kila mtu anatazama ukuta wa upande wake.

Ndiyo maana juzi nilimjibu vibaya Sorcha, binti wa kaka yangu, aliponijia na kompyuta yake. Alikuwa ametengeneza programu: unaandika postikodi yako, ile namba ya posta ya nyumba, inakuletea postikodi zilizo karibu nawe na umbali wa kila moja, ili mtu akianguka ijulikane nani wa kumkimbilia. Maana postikodi zetu, kila nyumba na yake, zina wazimu wake. Nyumba mbili zinatazamana, lakini herufi na tarakimu za mwisho hazifanani hata kidogo. Ukijua yako, bado hujui ya jirani.

"Nipe yako tujaribu, shangazi Attracta."

"Barua ya serikali iliyoileta niliitia motoni siku ilipofika. Mimi kila nyumba naijua kwa jina la mwenyewe na la mbwa wake."

"Dereva wa ambulensi anatoka mjini. Mbwa hawajui."

"Basi ajifunze!"

Akacheka, akaitafuta mwenyewe kwenye ramani. Orodha ikaja. Wa kwanza kabisa alikuwa Malachy, mita mia moja na arobaini.

"Mtoe," nikasema.

"Shangazi!"

"Mtoe yeye au nitoe mimi. Heri nilale sakafuni mpaka Pasaka kuliko kuinuliwa na yule."

"Haya, nakutoa wewe. Ila ujue, kuna mtu mmoja tu huku kwenu ameniomba mwenyewe nimtafutie ya jirani yake, na hana kichwa kigumu kama chako."

"Nani huyo?"

"Ya watu yaache."

Sasa bomba halitoi moshi. Ng'ombe wake walikuwa wakilia bandani tangu alfajiri, na Malachy hakuwahi kuchelewa kukamua hata siku aliyomzika mama yake. Nikaosha vikombe viwili visivyokuwa vichafu. Nikakaa, nikainuka. Labda amekwenda kwa dada yake, nikasema, na gari lake lile pale nalitazama kwa macho yangu. Nikaanza kukata mkate, nikauacha nusu. Sikukalika. Mwishowe nikamtukana kwa sauti, nikavaa mabuti, nikatoka. Geti nikalisukuma nikalipita mbio.

Alikuwa kwenye sakafu ya jikoni, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hausikii. Jicho moja lilinitazama kwa hasira ile ile ya miaka tisa, na sijawahi kufurahi kuona hasira ya mtu kama siku hiyo.

Simu yangu niliisahau nyumbani. Nikaikamata yake ya ukutani.

"Postikodi, mama?" akauliza dada wa simu ya dharura.

"Kwa Tiernan, ukivuka daraja, geti jekundu!"

"Mama, akina Tiernan naona kumi na wanne hapa. Nipe postikodi, tafadhali."

Nikavuta droo: kamba, misumari, dawa ya ng'ombe. Watu wote hawa niliowapelekea barua, na huyu mmoja anakufa kwa sababu siijui nyumba yake kwa namba! Ndipo nikaiona karatasi iliyobandikwa juu ya simu, imeandikwa kwa kalamu nene, postikodi moja tu. Nikaisoma herufi kwa herufi.

"Nimeipata," akasema. "Gari linaanza kutoka."

Chini yake kulikuwa na maneno madogo. Nikavaa miwani. *Attracta. Akianguka.*

Yake mwenyewe hakuwa ameiandika popote.

"Mama? Bado upo?"

"Nipo," nikasema. "Hiyo si ya hapa. Ni ya kwangu. Lakini waje hiyo hiyo, ni mita mia moja na arobaini. Nitasimama barabarani."

Dakika ishirini na sita. Nilimfunika kwa koti lake, nikakimbia barabarani, nikarudi kumshika mkono, nikakimbia tena. Nilimwambia asithubutu kufa, maana bado sijamaliza kugombana naye. Nilimwambia pia kwamba mimi ni mjinga, na hilo nililisema mara nyingi zaidi.

Walipomtoa nje juu ya machela akaukunja uso, akahangaika na ule mdomo wake uliopinda. Nikainama.

"Geti," akasema.

Nikageuka. Lilikuwa limefunguka mpaka ukutani, kama nilivyoliacha.

"Liko wazi," nikamwambia, machozi na mvua vikinitiririka pamoja. "Safari hii ni mimi kweli, Malachy."